Michango ya Elibariki na swali la kodi: gumzo la familia ya Babu Ndetaulwa

Shangazi Aikande, Jumanne, saa 1:20 usiku
Wapendwa wanafamilia, habari za jioni. Kwanza niwajulishe kwamba Elibariki anaendelea vizuri. Leo amesimama kwa magongo, akatembea kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, na daktari wake pale hospitali ya KCMC ameridhika na jinsi nyonga inavyounga.

Jambo linalonifanya niandike ni jingine. Asubuhi nilikwenda benki kutoa fedha za awamu ya pili ya matibabu, na afisa aliyenihudumia akaniomba barua ya kueleza zile shilingi 15,230,000 za michango alizotuma Godlisten kutoka Marekani zimetokana na nini. Niliporudi nyumbani Kiborloni nikamsimulia jirani yangu, naye akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, watachukua asilimia 30 ya michango yote, kwa kuwa fedha zimeingia kwenye akaunti yangu na mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa nimezipata. Asilimia 30 ya fedha hizo ni zaidi ya milioni nne na nusu, nazo zimekwishapangiwa kazi. Nimeshindwa hata kunywa chai. Neema mwanangu, wewe unayeshughulika na mambo haya huko Arusha, naomba unieleze ukweli hata kama ni mchungu.

Baba Mdogo Elirehema, saa 1:31 usiku
Dada, pole sana kwa usumbufu huo. Mimi nilidhani mchango ni mchango na hauhusiani na Serikali hata kidogo. Hata hivyo nakumbuka kwamba mwaka 2021 tulikatwa tozo kwenye miamala ya simu, na hata aliyetuma rambirambi alikatwa. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba jirani yako amekosea.

Neema, saa 1:58 usiku
Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Nimefurahi sana kusikia kwamba Kaka Elibariki amefika dirishani.

Shangazi, yapo mambo mawili hapa ambayo yamechanganywa. La kwanza ni la benki. Afisa aliyekuuliza chanzo cha fedha hakukuuliza kwa niaba ya TRA. Anatekeleza Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006, ambayo inaitaka benki imjue mteja wake na ijue fedha zisizo za kawaida katika akaunti yake zimetoka wapi. Akaunti yako kwa miaka yote imekuwa ikipokea pensheni na fedha za ndizi, kisha siku moja zinaingia milioni 15 kutoka nje ya nchi. Ni lazima waulize, na jibu lake ni barua fupi yenye viambatisho.

La pili ndilo la kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, yaani Sura ya 332, inatoza mapato yanayotokana na ajira, yanayotokana na biashara na yanayotokana na uwekezaji. Fedha ambayo haikuingia kwa mmoja wa milango hiyo mitatu haiwi mapato ya kutozwa kwa sababu tu imeonekana kwenye akaunti. Zaidi ya hapo, Jedwali la Pili la sheria hiyo limetaja zawadi, wosia na urithi miongoni mwa yaliyosamehewa kodi, isipokuwa pale ambapo zawadi yenyewe imepatikana kwa sababu ya ajira, biashara au uwekezaji. Wala nchi yetu haina kodi nyingine ya pekee kwa ajili ya zawadi. Mtu aliyetoa elfu kumi ili Elibariki afanyiwe upasuaji, bila kudai wala kutarajia kitu kutoka kwake, ametoa zawadi, na Elibariki hadaiwi kodi kwa hiyo elfu kumi. Wewe ndiye hudaiwi kabisa, kwa sababu fedha hizo umeshikishwa tu. Wewe ni mweka hazina wa familia.

Baba Mdogo, ile tozo ilikuwa kwenye kitendo cha kutuma au kutoa fedha kwa simu, na haikujali kama fedha ni mshahara, deni au rambirambi. Kodi ya mapato inataka kwanza pawepo pato.

Shangazi Aikande, saa 2:06 usiku
Ahsante sana mwanangu, umenirudishia pumzi. Lakini hiyo asilimia 30 jirani ameitoa wapi? Si mtu wa kubuni mambo.

Neema, saa 2:09 usiku
Asilimia 30 ipo kweli, Shangazi. Ndicho kiwango cha juu kabisa cha kodi kwa mtu binafsi mkazi, na hutozwa kwenye sehemu ya mapato inayozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Sijui aliihusishaje na michango.

Godlisten (Houston), saa 2:30 usiku
Shikamooni wazazi wangu. Huku kwetu ni saa sita na nusu mchana, nimechukua mapumziko ya kazini ili niandike hili kwa utulivu, kwa sababu mimi ndiye niliyefungua mchango ule kwenye GoFundMe, jukwaa la michango la mtandaoni, na swali hili lilinisumbua kabla halijamsumbua Shangazi.

Jukwaa lile halitumi fedha moja kwa moja kwenye benki za Tanzania, ndiyo maana ilibidi zipitie kwenye akaunti yangu. Walichanga watu 143, jumla dola 6,480. Jukwaa hukata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango, kwa hiyo zilipungua dola 230.82 na kubaki 6,249.18, ambazo nilizituma zote, na baada ya gharama za kutuma zikawa hizo milioni 15 na kitu. Nilimwuliza mtu anayenijazia ritani za kodi kila mwaka iwapo Serikali ya huku itanihesabia dola hizo kuwa mapato yangu. Alinifungulia kifungu cha 102 cha sheria yao ya kodi, kinachosema kwamba kilichopokelewa kama zawadi hakiingizwi katika mapato ya aliyepokea, na akanionyesha maelezo yaliyotolewa na IRS, yaani mamlaka yao ya kodi, mwaka 2023 kuhusu michango ya mtandaoni. Humo wameeleza kwamba aliyeandaa mchango kwa ajili ya mwingine, akamkabidhi fedha hizo, hahesabiwi kuwa amepata mapato.

Ipo fomu inayoitwa 1099-K ambayo majukwaa ya malipo hupeleka IRS, na watu wengi huku huiogopa. Mwaka 2021 Bunge lao lilishusha kiwango cha kuitoa mpaka dola 600, utekelezaji ukawa unaahirishwa, na Julai 2025 wakarudisha kiwango cha zamani cha zaidi ya dola 20,000 na miamala zaidi ya 200. Mchango wetu hauvuki hata kimoja. Hata ungevuka, fomu ni taarifa tu, na mtu anaruhusiwa kuonyesha kwamba fedha ile ilikuwa zawadi.

Kodi ya zawadi huku ipo, lakini humwangukia mtoaji, na mtoaji anaweza kumpa mtu mmoja mpaka dola 19,000 kwa mwaka 2025 bila hata kujaza fomu yake. Aliyechanga nyingi zaidi alichanga dola 300.

Baba Mdogo Elirehema, saa 2:41 usiku
Mungu awabariki hao watu 143 ambao hatuwajui hata sura. Neema, basi jambo limekwisha. Dada apeleke barua benki, nasi tuendelee kumwuguza kijana wangu.

Neema, saa 2:47 usiku
Baba Mdogo, upande wa Godlisten umekwisha. Naomba kwanza niuone ukurasa wa daftari la michango ya hapa nyumbani, kwa sababu ile ni orodha ya watu wa aina nyingi. Shangazi, unaweza kuupiga picha?

Shangazi Aikande, saa 2:59 usiku
Nimetuma kurasa zote tatu. Jumla ni shilingi 9,640,000. Mwandiko wa ukurasa wa pili ni wa Baba Elibariki, niliandikiwa siku ya kikao nilipokuwa nahesabu fedha taslimu.

Neema, saa 3:18 usiku
Nimesoma mstari kwa mstari. Karibu yote ni majirani, jumuiya, wana-VICOBA wa Shangazi na ndugu wa Machame, na hayo hayana shida yoyote. Mistari mitatu imenisimamisha. Ukurasa wa kwanza: "Walimu wenzake Mama Glory, 430,000." Chini yake: "Shule ya Mama Glory, 700,000." Na ukurasa wa pili, kwa mwandiko wa Baba Mdogo: "Mzee wa Pasua, 800,000 – milango 2 mninga."

Wifi Mama Glory, naomba uanze wewe. Fedha ya walimu na fedha ya shule zilikufikiaje?

Mama Glory, saa 3:27 usiku
Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba, habari za jioni wifi. Walimu walipitisha bahasha katika chumba cha walimu, kila mmoja akaweka alichonacho, kisha mwalimu wa taaluma akanikabidhi mbele ya wote. Fedha ya shule ilitoka kwa uongozi. Mkuu wa shule aliniita akaniambia kwamba shule imeamua kunisaidia shilingi milioni moja kwa ajili ya matibabu ya mume wangu, na kwamba itaingia pamoja na mshahara. Ilipoingia nikakuta imepungua karibu laki tatu, ndiyo maana nilimkabidhi Shangazi 700,000 na si milioni moja. Sikuuliza, kwa sababu niliona ni aibu kuuliza juu ya fedha ya msaada. Nilimweleza tu jirani wa Shangazi siku aliponitembelea wodini, tukasikitika pamoja.

Neema, saa 3:39 usiku
Wifi, basi uvumi wa asilimia 30 tumejua ulikotokea.

Bahasha ya walimu ni zawadi. Kila mwalimu alitoa kutoka mfukoni mwake, kwa urafiki, na hakuna hata mmoja wao aliye mwajiri wako. Ile milioni moja ni jambo tofauti kwa sababu aliyeitoa ni mwajiri, akampa mwajiriwa wake, na ikapitia kwenye orodha ya mishahara. Sheria huiona fedha hiyo kuwa imeingia kwa mlango wa ajira, hata kama mkuu wa shule alitoa kwa huruma ya kweli, na naamini alitoa kwa huruma. Mshahara wako umekwishatumia viwango vya chini vya kodi kila mwezi, kwa hiyo karibu milioni yote hiyo iliangukia kwenye asilimia 25 na 30. Tafadhali tazama hati yako ya mshahara ya mwezi ule. Utakuta imeandikwa miongoni mwa malipo yako, na kodi ya PAYE, yaani ile inayokatwa kwenye mshahara, imepanda ghafla.

Mama Glory, saa 3:44 usiku
Nimeifungua. Imeandikwa "Msaada 1,000,000", na PAYE ya mwezi ule imezidi ya mwezi uliotangulia kwa shilingi 290,500. Nilikuwa nimeweka moyoni kwamba kuna mtu amenidhulumu katika ofisi ya uhasibu. Namwomba Mungu anisamehe.

Godlisten (Houston), saa 3:50 usiku
Pole sana shemeji. Hata maelezo ya IRS niliyoyataja yanasema jambo kama hilo, kwamba fedha ambayo mwajiri anampa mwajiriwa wake kwa kawaida huingizwa katika mapato.

Neema, saa 3:56 usiku
Lipo jambo moja ambalo ningependa wifi alifikishe kwa uongozi wa shule kwa upole, si kwa malalamiko. Sheria yetu haihesabu kama mapato ya mwajiriwa malipo ya matibabu yake, ya mwenzi wake na ya watoto wao wasiozidi wanne, ikiwa mwajiri ameweka utaratibu huo kwa wafanyakazi wake bila ubaguzi. Shule ingekuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuchangia matibabu ya wafanyakazi wote kwa masharti yaleyale, na ikalipa kwa utaratibu huo, milioni ile ingefika nzima kitandani kwa Elibariki. Kwa jinsi ilivyotolewa safari hii, uamuzi wa mara moja kwa mtu mmoja na taslimu pamoja na mshahara, mhasibu alikata alichopaswa kukata. Lakini mwalimu mwingine atakapouguliwa wasirudie njia hiyo. Hili linaniuma, kwa sababu nimeliona katika ofisi nyingi: watu wana nia njema, na kodi inachukua zaidi ya robo ya nia hiyo kwa kukosa ukurasa mmoja wa utaratibu.

Sasa Baba Mdogo, naomba nikuulize kuhusu milango ya mninga.

Baba Mdogo Elirehema, saa 4:05 usiku
Neema mwanangu, hilo ungeliacha. Mzee yule alifika karakana ya Elibariki pale Njoro kwa miguu, akamkuta kijana wa kazi peke yake, akaja mpaka kwetu kikaoni, akatoa laki nane taslimu. Alisema kwa kinywa chake: "Mwuguzeni kwanza fundi, nyumba yangu itasubiri." Machozi yalinitoka. Huwezi kuniambia kwamba mtu wa namna hiyo amefanya biashara.

Neema, saa 4:12 usiku
Baba Mdogo, sibishani na wema wake. Nauliza tu, kwa nini uliandika "milango 2 mninga"?

Baba Mdogo Elirehema, saa 4:16 usiku
Kwa sababu alisema Elibariki akipona atamtengenezea milango yake miwili, na mbao atatoa mwenyewe Elibariki. Niliandika ili tusisahau.

Godlisten (Houston), saa 4:24 usiku
Baba Mdogo, niruhusu nisimulie kesi ambayo huku hutajwa kila panapozungumzwa zawadi na kodi. Mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Duberstein alikuwa akimpa mwenzake katika biashara ya vyuma, aitwaye Berman, majina ya watu wanaoweza kuwa wateja wake. Berman alinufaika mpaka akaamua kumpa gari aina ya Cadillac. Duberstein hakuliomba, na hapakuwa na mkataba. Alisema ni zawadi, akaliacha nje ya mapato yake. Mwaka 1960 shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Duberstein akashindwa. Mahakama ilieleza kwamba zawadi kwa maana ya sheria ya kodi hutoka katika ukarimu usiotazamia faida, na kwamba kinachotazamwa zaidi ni nia ya mtoaji. Gari lile lilikuwa shukrani kwa huduma iliyokwisha kutolewa, na chambo cha huduma itakayotolewa baadaye.

Neema, saa 4:33 usiku
Hukumu ile haizibani mahakama zetu, lakini fikra yake haiko mbali na sheria yetu, ambayo imesema wazi kwamba hata zawadi anayopokea mtu kutokana na biashara yake huingia katika mapato ya biashara. Na hapa kwetu jambo ni jepesi kuliko la Cadillac, Baba Mdogo, kwa sababu yule mzee anadai milango. Wema wake ni kwamba alilipa mapema, akakubali kusubiri, na wala hakudai mbao zianze kupasuliwa. Fedha yenyewe ni malipo ya awali ya kazi ya useremala. Elibariki ana TIN, yaani namba ya mlipakodi, na analipa kodi ya mapato ya karakana kila mwaka, na laki nane hiyo inapaswa kuandikwa katika daftari la karakana kama kazi nyingine. Gharama ya mninga nayo iandikwe humohumo siku atakapoinunua.

Nina sababu nyingine ya kusisitiza. Mstari mmoja wenye "milango 2" ukibaki katikati ya majina ya watu waliotoa kwa ajili ya Mungu, siku moja mtu atauliza ni mistari mingapi mingine inayodaiwa milango, na hapo mama mjane aliyetoa elfu mbili atahesabiwa kundi moja na mteja.

Unaweza pia kumwuliza mzee mwenyewe. Akisema amesamehe milango, fedha ibaki ilipo.

Baba Mdogo Elirehema, saa 4:52 usiku
Nimempigia sasa hivi, na nimemwomba radhi kwa kumpigia usiku. Alifurahi sana kusikia Elibariki amefika dirishani. Nilipomwuliza habari ya milango alinyamaza kidogo, akasema angependa kuipata kabla ya Pasaka, maana nyumba ina mapazia tu. Basi Neema, umesema kweli. Kesho nitaiandika katika daftari la karakana kwa mkono wangu, na hili la michango Dada atapiga mstari mmoja juu ya jina bila kulifuta, ili ionekane limehamishwa. Jumla ya michango ya hapa itakuwa 8,840,000.

Neema, saa 4:57 usiku
Ahsante sana Baba Mdogo. Ndivyo hasa inavyotakiwa. Na ile 700,000 iandikwe kwa jina la Mama Glory, kwa sababu ilikuwa mali yake baada ya kodi, naye ndiye aliyeitoa kwa mumewe.

Shangazi Aikande, saa 5:03 usiku
Nina swali moja kabla sijaandika barua. Tukimaliza hospitali huenda zikabaki kama milioni tatu kwa ajili ya mazoezi ya viungo ya miezi sita. Nilifikiri kuziweka amana ya muda maalumu zisichezewe. Je, hapo pana kodi?

Neema, saa 5:07 usiku
Milioni tatu zenyewe hapana. Riba itakayopatikana ndiyo mapato, na benki itakata yenyewe kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla ya kukupa, nawe hutadaiwa zaidi.

Godlisten (Houston), saa 5:11 usiku
Shangazi, nimekutumia kwa baruapepe orodha ya wachangiaji wote 143 kama ilivyo kwenye jukwaa, maelezo niliyoyaweka siku ya kwanza pamoja na picha ya eksirei, na risiti ya kutuma fedha. Huku tunashauriwa kutunza kumbukumbu za michango kwa angalau miaka mitatu. Mfanyakazi mwenzangu mmoja aliniomba risiti ili apunguziwe kodi yake, nikamweleza kwamba nafuu hiyo ni kwa waliochangia taasisi za hisani zinazotambuliwa, si kwa mchango wa mgonjwa mmoja. Alielewa, na wiki iliyofuata akachanga tena.

Neema, saa 5:14 usiku
Hapa nyumbani Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataja miaka mitano, kwa hiyo daftari, hati za hospitali na ujumbe wa miamala ya simu vitunzwe miaka mitano. Ujumbe wa simu hupotea, Shangazi. Mwombe Glory akuchapishie taarifa ya miamala mapema.

Shangazi Aikande, saa 5:36 usiku
Nimeandika hivi, naomba mnisahihishe: "Ndugu Meneja, fedha shilingi 15,230,000 zilizoingia katika akaunti yangu ni mapato yaliyotokana na michango ya marafiki na ndugu walioko Marekani kwa ajili ya upasuaji wa nyonga wa mtoto wa mdogo wangu, zilizokusanywa na mtoto wa kaka yangu na kutumwa kwangu nikiwa mweka hazina wa familia. Naambatisha orodha ya wachangiaji, risiti ya kutuma fedha na ankara za hospitali."

Neema, saa 5:40 usiku
Shangazi, barua ni nzuri kuliko nyingi ninazoziona ofisini. Naomba uondoe neno moja tu, "mapato".

Shangazi Aikande, saa 5:44 usiku
Nimeliondoa. Sasa inasomeka "ni michango ya marafiki na ndugu". Nitakuwa mlangoni pa benki saa tatu kasorobo asubuhi. Baba Elibariki, uje na daftari la karakana kwa gari la kwanza kutoka Machame, tukutane wodini tumwonyeshe mwenye karakana mstari wa milango kabla hujauandika, kwa sababu ni yeye atakayeitengeneza.